Wale "wenzake" wana majina

Mhariri, salama? Mi msomaji wako wa siku nyingi na ukurasa wa burudani ndo naanzaga nao. Jumapili mmeweka picha ya The Supremes, lile kundi la wasichana waimbaji wa Marekani, chini mkaandika "Diana Ross na wenzake". Imeniuma kweli, maana mmoja wa hao wenzake ndo aliyeanza kabla ya Diana.

1959 kule Detroit, nyumba za serikali za Brewster, kulikuwa na vijana wanaimba wanajiita The Primes (wawili kati yao ndo baadae wakawa kwenye kundi maarufu la The Temptations), meneja wao akataka na kundi la wasichana, akampata Florence Ballard, Florence akamvuta Mary Wilson, Diana akaja baada ya hapo. Wakaitwa The Primettes. Wakaenda Motown, kampuni ya kurekodi muziki, kwa Berry Gordy, yule aliyeianzisha kwa mkopo wa dola 800 wa familia yake, akawaambia wakamalize shule kwanza. Hawakukata tamaa, wakitoka shule wanashinda pale studio, wanapiga makofi na kuitikia kwenye nyimbo za wengine. Walipopewa mkataba 1961 wakatakiwa wabadilishe jina, aliyechagua The Supremes ni huyohuyo Florence.

Halafu miaka mitatu hakuna kitu, nyimbo zinatoka zinakufa, mpaka 1964 ikatoka Where Did Our Love Go.

Baba yangu mdogo alikuwa na santuri yake, ina mkwaruzo, basi anaweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke. Ile pa-pa-pa ya mwanzo sisi tulidhani makofi, kumbe mtu anakanyaga mbao kwa miguu! Ikafika namba moja Marekani, zikafuata nne mfululizo nazo namba moja, jumla kundi likafikisha 12.

1967 Florence akatolewa, na mwaka huohuo kundi likaanza kuitwa Diana Ross and the Supremes. Florence alifariki 1976 ana miaka 32 tu, maisha yakiwa yamempiga vibaya. Diana anaimba vizuri sana, mi mwenyewe nampenda, lakini kundi hakulianzisha yeye.

Naomba toleo lijalo mrekebishe maelezo ya picha ile. Kushoto ni Florence Ballard, katikati Diana Ross, kulia Mary Wilson.

Msomaji wenu, Tanga