Debe si ndoo

Ndugu Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa bei za mazao mmeeleza kuwa debe ni ndoo ya lita 20. Naomba maelezo hayo yarekebishwe, maana yanamuumiza mkulima.

Neno debe limetufikia kutoka Bara Hindi. Kwa Kigujarati ni dabbo, kwa Kihindi dabba, yaani kopo au kasha. Huku kwetu jina likaganda kwenye bati la mafuta ya taa, lile la pembe nne lenye ujazo wa galoni nne za Kiingereza: lita 18 na ushei kidogo. Mafuta yakiisha, wazee walilikata juu, wakapigilia kipande cha mti katikati kiwe mshikio, likawa la kuchotea maji na kupimia mahindi. Ndiyo maana tunasema debe tupu haliachi kuvuma. Ndoo ya plastiki haivumi. Hata wapiga debe wa pale stendi ya Kabwe, wanaogonga ubavu wa basi kutwa nzima, wamerithi mlio ule wa bati.

Sikilizeni pia watu wa sokoni wanavyolitumia. Mama akisema ana madebe sita, anazungumzia vyombo. Akisema ana debe sita, anazungumzia mahindi, gunia zima. Hakuna anayemfundisha tofauti hiyo, wala hakosei.

Sasa mabati yamepotea, na ndoo ya lita 20 imechukua kazi pamoja na jina. Msimu uliopita niliuza debe kumi za mahindi hapa nyumbani Uyole, tukapima kwa ndoo ya mnunuzi. Ninalo bado debe la marehemu mama yangu. Nilipomimina humo ndoo moja ya mwisho, likajaa hadi ukingoni na mahindi yakabaki, karibu nusu sado, yaani kama lita mbili hivi. Zidisha mara kumi: debe zima liliondoka bila kulipiwa. Iliniuma sana, na sikuwa na la kumdai yule kijana, kwa kuwa yeye alitaja debe nami nikaitikia debe.

Mkitangaza bei ya debe, tafadhali andikeni na kilo pembeni, kwa kila zao peke yake. Debe la alizeti ni jepesi mno kuliko la mahindi, na wanaosoma ukurasa ule kabla ya kupakia mzigo ni wengi huku kwetu.

Mkulima,
Uyole, Mbeya