Barua kwa Baba kutoka Makhanda

Makhanda, Afrika Kusini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama mko salama na mvua imeanza vizuri huko Njoro. Mimi ni mzima, na masomo yanaendelea.

Uliniuliza Waingereza wa huku walikuja vipi, na kama walikuwa mabwana wakubwa kama Lord Delamere wa kwetu, yule mlowezi wa mashamba makubwa. La, Baba. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida: maseremala, wafumaji, washona viatu, vibarua wa mashambani wasio na ardhi. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha na kazi ikawa haipatikani. Mwaka 1819 Bunge lao lilipitisha pauni 50,000 za kuwasafirisha watu hadi Koloni la Rasi, koloni lao la huku kusini, na kwa kila mwanamume mzima ikaahidiwa ardhi ekari 100. Familia ndogo ililipa amana ya pauni 10. Mtu ambaye hajawahi kumiliki hata bustani ya mboga anaambiwa ekari 100, atakataaje? Wapo waliojiandikisha kuwa ni wakulima na hawajapata kulima maishani mwao. Watu wapatao 4,000 walipanda meli, na wa kwanza walifika pwani ya Algoa Bay mwezi wa Aprili 1820.

Magari ya kukokotwa na ng'ombe, yakiendeshwa na Makaburu, yaliwachukua hadi bara, yakawashusha porini na watoto na masanduku yao, yakageuza. Walilala kwenye mahema. Baadaye wakajenga kwa fito na udongo na kuezeka nyasi, kama nyumba ya kwanza ya Nyanya. Serikali iliwagawia unga na nyama, na gharama yake ikakatwa kwenye amana zao wenyewe.

Wakapanda ngano, kwa kuwa ndiyo waliyoijua. Ikaota vizuri, ikabeba masuke. Kisha ikaingia kutu, ule ugonjwa wa ngano. Wewe unaijua kuliko mimi: unapita katikati ya ngano asubuhi, ukitoka suruali imekuwa nyekundu hadi magotini, na ukipukuchua suke mkononi unapata makapi matupu. Mwaka 1820 kutu, mwaka 1821 kutu, mwaka 1822 kutu tena. Kila nikisoma habari hizi nakukumbuka ukitembea shambani mwaka ule tulipovuna magunia yasiyojaza hata mkokoteni. Delamere naye ngano yake ililiwa na kutu hapo hapo Njoro, ila yeye alikuwa na fedha za kumleta mtaalamu wa kutafuta mbegu inayostahimili. Hawa wa huku hawakuwa na kitu. Mwezi wa Oktoba 1823 yakaja mafuriko, yakabeba nyumba na bustani za kando ya mito. Nguo walizotoka nazo kwao ziliwaishia mwilini, wakawa wanavaa suruali za ngozi ya kondoo.

Kufikia hapo zaidi ya nusu ya wanaume waliopewa mashamba walikuwa wameyaacha. Walihamia mjini hapa, wakati huo ukiitwa Grahamstown, wakarudia ufundi wao. Waliobaki mashambani waliinuka polepole, hasa baada ya kuingia kondoo wa merino na biashara ya sufu. Hata hivyo ekari 100 hazikutosha kufuga. Nyasi za eneo hili hupoteza nguvu majira ya baridi, na ndiyo maana wafugaji wa awali walikuwa wakihamisha mifugo kwa majira. Kaburu jirani alikuwa na shamba la ekari kama 6,000.

Hao wafugaji wa awali ndio sababu ya barua hii kuwa ndefu. Mashamba waliyopewa Waingereza yalikuwa ya Waxhosa. Kati ya 1811 na 1812 jeshi la Kanali John Graham liliwafukuza watu wapatao 20,000 hadi ng'ambo ya Mto Great Fish, likachoma nyumba zao na mazao yao. Tarehe 22 Aprili 1819 Makhanda, nabii wao, aliongoza maelfu ya wapiganaji kuushambulia mji huu. Wakashindwa, naye akafungwa kisiwani Robben, akafa maji akijaribu kutoroka. Mwaka mmoja tu baadaye ndipo seremala wa Kiingereza na mkewe wanashushwa hapo na mbegu zao. Serikali ilitaka watu wa kuwa ukuta mpakani, na kwenye matangazo yaliyowavuta haikulisema hilo waziwazi. Vita vya 1834 kati ya Waxhosa na Waingereza vilipozuka, nyumba za wakulima hawa zilichomwa moto. Nawaonea huruma kwa dhati, Baba, na bado ardhi ile haikuwa yao. Leo mlimani kuna jengo kubwa la kuwakumbuka, lililofunguliwa 1974, na tangu 2018 mji ulio chini yake unaitwa kwa jina la Makhanda.

Sasa Mama ameniambia mdogo wangu amepata dalali mwenye shamba la bei rahisi, na mnataka fedha nilizotuma ziwe amana. Naomba msilipe kwanza. Najua hati itaonekana safi. Nendeni wewe na yeye, bila dalali, mkae na wazee wa pale mpaka wazoee kuongea nanyi. Ulizeni nani alilima hapo kabla, aliondoka lini, na kwa nini. Ulizeni kama kuna makaburi, na ni ya nani. Mkiambiwa kuna watu waliotolewa kwa nguvu, tuache, hata kama wanatupunguzia nusu ya bei. Msimu huu tukodishe ekari chache kwa jirani, mimi nitaongeza cha mbegu na dawa ya kutu mwisho wa mwezi.

Nisalimie Mama na wote wa nyumbani.

Mwanao