Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu. Mliotoka visiwani, poleni na safari na mawimbi.

Mkutano uliopita ulitutuma kazi moja: mtoto ambaye baba yake yuko gerezani asimpoteze baba. Kesi za watu hatukutumwa kuzijadili, na hatukuzigusa.

Kilichotushughulisha zaidi mwaka huu ni barua. Tulidhani karatasi na kalamu vingetosha. Kumbe ukimwambia mtoto wa darasa la nne "mwandikie baba," anaandika "Shikamoo baba, mimi sijambo," basi, kalamu imekwama. Walimu tulio nao chamani wakaja na dawa: mtoto aulizwe kwanza. Dagaa za jana zilikauka au zilinyeshewa? Nani alifunga goli? Binti mmoja wa Igombe akajaza ukurasa mzima juu ya mbuzi aliyekula daftari lake la hisabati. Baba akajibu kwa kuuliza mbuzi alianzia ukurasa gani, na kama yale majibu aliyomeza yalikuwa sahihi. Tangu hapo binti hahitaji kuhimizwa. Nawakumbusha wanaopeleka barua: zinakaguliwa, kwa hiyo bahasha zisigundishwe, na habari za kesi zisiandikwe humo.

Tumeanza pia kuwapelekea akina baba nakala za ripoti za shule. Baadhi yenu mlinung'unika kwamba fedha hiyo ingenunua sabuni. Sabuni tunaendelea kupeleka. Ila baba anayejua mwanawe ameshuka kwenye Kiingereza ana la kumwambia siku wakionana, asiyejua atabaki kuuliza "umekula?" mpaka muda wa kuonana uishe.

Kuhusu nauli, kamati ilibadili mpango. Wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025; wanakuja gereza la Butimba hapa Mwanza na kurudi bila kusubiri kivuko. Mtoto wa Ukara bado anavuka hadi Bugolora, anapanda gari hadi Nansio, kisha anavuka tena kuja Mwanza, na mlezi wake lazima atafute pa kulala. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fungu la nauli sasa inakwenda visiwani. Najua wa bara hawakufurahi.

Jambo gumu kuliko yote ni watoto walioambiwa kuwa baba yuko Geita machimboni. Siwalaumu kina mama. Maneno ya mtaani na ya shuleni yanauma, na wengi walisema hivyo kumkinga mtoto. Lakini mtoto hukua, na siku moja mwenzake humtobolea siri uwanjani. Msimamo wa kamati ni huu: hatumwambii mtoto lolote mama au mlezi asiloridhia, ila tunakaa na mlezi, pamoja na afisa ustawi wa jamii akipatikana, tukitafuta maneno yanayolingana na umri wa mtoto. Baba aliyefungwa kwa kumdhuru mtoto huyo au mama yake hatumpelekei mtoto wala barua yake, hata ndugu wakija kutusihi. Hapo sitaki mjadala.

Wapo wanaotuona tunawabembeleza wahalifu. Wajibuni kwamba Ibara ya 19 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, inampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara. Mwenye haki hapo ni mtoto, na yeye hana hukumu yoyote.

Mwanachama mmoja alipendekeza tuige Storybook Dads ya Uingereza, iliyoanzia gereza la Dartmoor, ambayo humrekodi baba akisoma hadithi na mtoto akapelekewa sauti yake. Wazo nalipenda, ila kurekodi kunahitaji vifaa na kibali, na vyote viwili hatuna. Napendekeza tuanze na ngano za kuandikwa: baba aandike kisa cha sungura nusu nusu, mtoto asubiri barua ijayo. Karatasi tunazo.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ninachoomba kutoka kwenu leo ni uamuzi wa mambo mawili: fungu la visiwani libaki lilivyo, na tuteue wanachama wa kusimamia barua Ukerewe, kwa sababu aliyepo anafanya kazi ya watu watatu na ameomba apumzike.

Mwenyekiti