Mwanaidi, goti limenilaza

Ujiji, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Kimya changu ni cha kitanda, si cha kiburi. Nimevunjika goti. Bodaboda ilinibwaga nikiwahi dagaa wa alfajiri Kibirizi. Pikipiki nzima, dereva mzima, wa kuokotwa mimi. Usicheke.

Kilichovunjika ni kichwa cha mfupa wa ugoko, ile sakafu goti linapokalia. Ilipasuka, kipande kikadidimia ndani. Daktari hakunipasua upesi. Mguu ulivimba ukang'aa kama papai, akasema wakiuchana hivyo kidonda kitasumbua kufunga, tungoje ngozi ianze kukunjamana. Siku 11! Kila asubuhi naiminya kutafuta mikunjo, mimi niliyekuwa nanunua mafuta ya kuiondoa usoni.

Ndipo wakakiinua kile kipande, shimo la chini yake wakalijaza mfupa waliomega nyongani kwangu, wakakaza kwa bamba na skrubu saba. Nyonga inaniuma kuliko goti, wallahi.

Sasa natembelea magongo, miezi mitatu nisikanyagie ule mguu, ila kulikunja goti ni kila siku, lisije likakakamaa. Mama mkwe anataka kulikanda kwa mawese ya moto. Hayo tuyaache.

Kinachoninyima usingizi ni neno la daktari siku ya kuruhusiwa: mfupa utaunga, lakini goti laweza kuja kusagika, pengine baada ya miaka. Nikamwuliza, si mmeshalinyoosha? Akasema wamesawazisha sakafu na kunyoosha mguu ili uzito usielemee upande mmoja, na hilo linasaidia. Ila gegedu linalofunika mfupa lilipondwa palepale nilipoanguka, na gegedu haliungi kama mfupa. Nipunguze mwili, niimarishe misuli ya paja. Nina miaka 38, Mwanaidi! Ndoo za dagaa atanibebea nani? Yule binti wa Zainabu? Hata kubeba simu yake anachoka.

Nakuuliza wewe kwa sababu ya mjomba wako aliyewekewa goti la bandia. Naye alianza kwa kuvunjika, au lilisagika tu lenyewe? Ilipita miaka mingapi kabla halijamshinda? Sasa anakaa mkekani? Anasujudu, au bado anaswali kitini kama mimi? Muulize taratibu, asidhani namchimba.

Na asali yangu ya Tabora umempa nani safari hii?

Wako,
Mama Rehema