Mwanangu, jaketi ivae mwilini

Mwanangu,

Picha ulizotuma mama yako kanionyesha, ile ya pili nimeivuta nikaiangalia sana. Jaketi ya kuokolea maisha umeifunga nyuma ya kiti cha hiyo pantoni ya kuvulia na kile kikaratasi cha bei bado kinaning'inia. Ndo maana naandika, maana kwenye simu unanijibu tu sawa baba, sawa baba.

Uliposema pantoni mi nilijua kitu kama ile ya Kigongo iliyokuwa inavusha malori kabla ya daraja, kumbe ni maboya mawili ya kupuliza, fremu juu yake na kiti, mtu mmoja na makasia yake. Sawa nimeelewa. Kama hujalipa chukua ile ndefu ya mita 2.7, hii ya 2.4 achana nayo hata kama bei ni rahisi, we sasa hivi una kilo 98, weka na nanga, weka boksi la barafu na samaki wenyewe, usipige hesabu ya mwili peke yake. Fremu iwe ya alumini, haishiki kutu na ni nyepesi, si utakuwa unaishusha kwenye gari peke yako. Halafu hayo maboya ukiyajaza yakakaza ukayaacha juani hewa inatanuka mshono unaachia, na ukiyashusha kwenye maji ya baridi yanalegea, kwa hiyo yakishakuwa majini subiri kidogo, bonyeza na dole gumba, ndo uongeze pampu.

Lakini peke yako mwanangu. Huko Minnesota barafu imetoka mwezi wa 4, wewe mwezi wa 5 unataka kuingia ziwani. Najua unaogelea. Maji ya hivyo yanakukata pumzi, unameza maji hata hujapiga kelele, na wa kumpigia kelele hayupo. Kile chombo ni chepesi kimekaa juu juu, ukidondoka upepo unakibeba, kinaondoka na jaketi yako imefungwa kwenye kiti. Ivae.

Pale sokoni kwa samaki Mwaloni nikiulizwa nasema kijana wangu hata Marekani hajaacha kuvua, nasema kwa sauti. Ila ungeniuliza kabla, mi nimevua miaka 30. Utasema mbona wewe baba hukuvaa. Zile mbili tulizopewa nilikuwa nafunikia injini isilowe, na wewe upo pale mbele una miaka 8 umekumbatia dumu. Siku hizi linanijia usiku hilo.

Bati za jikoni zimebaki 4, fundi kala advansi hapokei simu. Mama yako dawa ya presha anameza akijisikia, mpigie umseme wewe, mi hanisikii. Ada ya mdogo wako imefika, asante.

Ukitoka mwachie mkeo ujumbe unaingia ziwa gani na saa ngapi unarudi, usiseme tu naenda kuvua. Na nitumie picha nyingine, umekaa kwenye kiti, zipu umepandisha mpaka juu.

Baba yako