Gemu za kufa-kufa: damu siyo tatizo, tatizo ni tangazo

Ndugu Mhariri,

Salaam. Nimesoma ile makala yenu ya Jumapili kwenye ukurasa wa burudani, ile iliyosema gemu za kuruka mitego ya kifo zinawazoesha vijana damu, nikairudia mara ya pili maana ya kwanza niliisoma kwa hasira. Mi ni mtu mzima, nina kazi yangu, na usiku watoto wakishalala nacheza hizo hizo gemu, kwa hiyo naomba na mimi kinafasi japo najua barua ndefu huwa mnazikata. Hii msiikate bwana.

Kwa wasiozijua niseme kwa kifupi. Una mtu wako mmoja, mdogo, yuko kwenye dunia iliyooza, mara nyingi kuna kampuni au utawala umeshika kila kitu mpaka hewa, na wewe kazi yako ni kukimbia na kuruka kutoka jukwaa hili kwenda lile, sasa kati ya jukwaa na jukwaa ndo wameweka mambo yao, msumeno unazunguka, leza, sakafu inafunguka, dari inashuka. Ukigusa umekufa, ukifa unaanza tena. Basi, ndo gemu yenyewe, na kweli ukimwelezea mtu hivi anakuangalia kama umechanganyikiwa.

Ngoja nitoe mfano wa raha yake iko wapi. Kuna korido moja ilinikalisha siku tatu, fupi tu, inaenea yote kwenye skrini moja. Unakanyaga kigae ambacho kinaanza kutetemeka pale pale kisha kinadondoka, mbele yake msumeno unachomoka ukutani, chini miiba mitupu, na ukishapita msumeno kuna mlango unashuka ambao ukichelewa kidogo tu unakubana. Nilikufa pale mpaka nikaacha kuhesabu. Siku ya tatu mdogo wangu alikuwa kakaa nyuma yangu na simu yake, hasemi kitu, nikajua hata haangalii, kumbe anaangalia, mwisho akaniambia "Kaka, wewe unaruka ukiuona. Ruka ukiusikia." Nikamwambia kusikia nini tena? Muda wote ule nilikuwa nimezima sauti nisiamshe watoto. Nikavaa hedifoni, na kweli, msumeno kabla haujatoka kuna kamlio kadogo, tik, kama mtu kabonyeza kalamu. Jaribio la pili nikapita. Nilisimama kwenye kiti nikakaa tena, mtu mzima mimi.

Sasa mwandishi wenu anaona pale kuna mtu kakatwa na msumeno mara themanini. Mi naona kitu kingine kabisa, naona kwamba aliyeitengeneza ile korido aliniwekea jibu waziwazi tangu mwanzo, hakunidanganya hata mara moja, ujinga ulikuwa wangu. Hizi gemu zikiwa zimetengenezwa vizuri ni ngumu lakini zina haki, na tena zina huruma ya kimyakimya ambayo mchezaji haioni. Chukua Celeste ya 2018, siyo ya dunia iliyooza hiyo, ni binti anapanda mlima, ila miiba na mashimo ni yale yale. Mle ukichelewa kubonyeza, mguu ukawa umeshatoka ukingoni, gemu bado inakuhesabu umesimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani unaruka na hewa chini yako na hujui. Ukigonga kichwa kwenye kona kidogo inakusogeza pembeni upite. Na anayeshindwa kabisa kawekewa sehemu ya kupunguza mwendo wa gemu nzima mpaka nusu, au asife kabisa akitaka, hakuna anayemcheka. Watengenezaji walikaa wakafikiria kidole cha mtu aliyechoka na kazi. Huo ndo ukatili?

Lakini haikuwa hivi toka zamani, na hapa ndo naomba tusikilizane vizuri kwa sababu hoja yangu yote iko hapa. Gemu hizi zilizaliwa kwenye mashine za sarafu. Donkey Kong ya 1981, kile kibwana kinachoruka mapipa, ilikuwa ni mashine imesimama ukumbini, unatumbukiza sarafu unapewa maisha machache, yakiisha unatumbukiza nyingine. Mwenye mashine anataka ufe. Siyo ufe haraka sana ukaudhika ukaondoka, ila ufe. Halafu gemu zikahamia majumbani, Super Mario Bros ya 1985 hiyo, na bado unaanza na maisha matatu, wakati mtu kashainunua yote na hakuna anayekusanya sarafu, ni mazoea tu yalibaki. Ilichukua miaka mingi watu kushtuka kwamba kumbe tunaweza kuyafuta hayo maisha. 2010 ikaja Super Meat Boy, mtu wa nyama mbichi kwenye misumeno kila kona, ukifa kufumba na kufumbua umesimama tena mwanzo, na ukimaliza sehemu wanakurudishia majaribio yako yote kwa wakati mmoja, unaona kundi zima la wewe linakimbia, wengine wanakatika hapa, wengine pale, mmoja tu anafika. Nilicheka machozi siku ya kwanza kuona. Kwa hiyo kifo kilikuwa ni biashara, kikaja kuwa somo, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko picha nzuri zote wanazojisifia.

Na zile za dunia iliyooza zilikitumia vizuri kuliko zote. Abe's Oddysee ya 1997, unacheza mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, yuko anasafisha sakafu, anasikia mabosi wanapanga kwamba bidhaa mpya itakuwa ni wao wenyewe wafanyakazi. Ndo maana anakimbia. Kila mashine inayomsaga mle ni mashine ya kazini kwake, siyo jini kaiweka, imewekwa na watu wenye hesabu zao, na wenzake 99 wako humo humo ndani ni juu yako kuwatoa au kuwaacha. Inside ya 2016, ya Wadenmaki wale wa Playdead, haina neno hata moja mwanzo mpaka mwisho. Kuna mahali kale katoto kanaangukia kwenye foleni ya watu waliofutwa akili, wanaandamana mbele ya walinzi, na wewe usikimbie wala usiruke ovyo, inabidi utembee kama wao, wakisimama usimame, wakiruka uruke, wakigeuka ugeuke, ukikosea hatua moja tu wamekujua. Gemu nzima umefundishwa kukimbia, halafu inakwambia leo usipofanana na wenzako unakufa. Mi pale kiganja kilitoa jasho na hapakuwa na tone la damu. Mwandishi wenu hizo hakuzigusa.

Nimkubalie moja, siyo zote ni za watoto. Limbo, ya hao hao Playdead, 2010, mtoto mdogo anakatwa na mitego ya dubu kwenye giza, mi kwangu mwenye miaka saba haichezi na nikiicheza namwambia akalale. Ila alama za umri zipo, Marekani ESRB wanaziweka tangu 1994, Ulaya PEGI tangu 2003, sasa mzazi usipoangalia alama ukaja kulaumu msumeno, mh.

Haya, sasa lililonifanya niandike. Mwezi uliopita nilipakua gemu ya aina hii kwenye simu, ya bure, jina silitaji. Hadithi yake nzuri sana kwa kweli: kuna kampuni inawakimbizia wafungwa kwenye njia ya mitego, matajiri wamekaa juu kwenye vioo wanaweka dau nani atafia wapi. Levo kumi za mwanzo tamu, nikamtumia mpaka mdogo wangu. Levo ya 11 nikafa, skrini ikawa nyeusi, likatokea tangazo la sekunde 30. Nikasubiri. Nikarudi, nikafa, tangazo. Kile kialama cha kufunga kidogo kama punje, ukikikosea unapelekwa kwenye duka lao. Nikachukua saa nikapima, nilivyokufa mara 10 nilikuwa nimetazama matangazo dakika 5, na kucheza kwenyewe ukijumlisha hakujafika dakika 2. Na kinachoniuma zaidi, misumeno ikabadilika. Kule mwanzo ilikuwa na mpangilio, unauhesabu unaruka, kuanzia pale ikawa inatoka inavyojisikia, hakuna mlio, hakuna taa, mara sasa hivi mara baadaye, na kitufe kinawaka pembeni, nunua ngao. Mdogo wangu kajaribu na masikio yake yote kashindwa. Akaniambia "Hii haisikiki kaka, hii wanataka tu ufe."

Mnaona ilivyo? Kwenye hadithi wale matajiri wa kwenye vioo wanapata faida nikifa. Kwenye simu yangu pia kuna mtu anapata faida nikifa. Yaani wametengeneza gemu ya kuwasema wale watu kisha wakakaa wenyewe kwenye viti vyao, na sarafu ya 1981 imerudi kwa mlango wa nyuma, tofauti ni kwamba sasa hutumbukizi hela, unatumbukiza dakika zako na hasira zako. Mtu ataniambia ni ya bure, watengenezaji nao wale nini. Sawa, wale, waweke tangazo levo ikiisha, nishinde nitazame nikiwa nimefurahi, au wauze gemu kwa bei yake tumalizane. Ila ukishamlipa mtu kwa kila kifo changu usitegemee atahangaika kuniwekea kamlio ka msumeno. Kwa nini ahangaike? Kamlio kanamkosesha hela.

Ndo maana ile makala ilinikera. Mzazi kaisoma, kaenda kafuta Limbo kwenye kompyuta ya kijana wake, kaacha ile ya simu kwa sababu haina damu, wafungwa wakifa wanapasuka kama maputo ya rangi. Inaonekana ya kitoto. Na ndo hiyo hiyo mtoto anayoishikilia mpaka chaji inaisha anabonyeza kialama cha punje, siyo kwamba anajifunza kuruka, anajifunza kusubiri aruhusiwe.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mnapochambua hizi gemu mnatuambia picha nzuri, hadithi nzuri, nyota ngapi. Tuongezeeni mambo mawili, mchezaji akifa inachukua sekunde ngapi kurudi, na hapo katikati kimesimama nini. Na muwaulize waliocheza, mtego uliokuua ulikuonya? Mwandishi wenu akipenda aje nimpe ile korido yangu ya siku tatu aicheze kwanza mwenyewe, hedifoni nitamwazima, halafu aandike tena anavyotaka, hata kama atabaki na msimamo wake nitasoma.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa kila Jumapili

NB: Mdogo wangu kasoma hii barua kabla sijaituma, anasema niandike wazi kwamba lile wazo la kusikiliza ni la kwake na kwamba yeye ile korido aliipita jaribio la nne. Haya, nimeandika.