Kabla ya kushusha injini, tafuteni maji yanakopotelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme mafundi wenzangu, na wenye magari pia, kuhusu Subaru za tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi kwa nguvu ya moshi wake), zile Forester zenye tundu la hewa juu ya boneti. Gari likianza kupunguza maji na kuchemsha, gereji nyingi zina majibu mawili: thamostati (mlango unaofungulia maji njia injini ikipata moto) itolewe, au gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, injini ishushwe. La kwanza ni kosa. La pili huwa kweli mara nyingine, lakini ni la kuthibitishwa kwanza, maana gharama yake inaweza kumuuzisha mtu gari.

Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80. Ukiitoa, injini hukawia kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumimina petroli ya ziada ikidhani bado asubuhi, na oili inachafuka upesi. Ugonjwa wenyewe uko palepale.

Watu husahau kwamba tabo nayo hunywa maji. Ukizima gari, maji yaliyomo ndani ya tabo huchemka, mvuke ukapanda hadi kwenye tanki dogo lililo juu ya injini, na maji mengine yakaingia kufidia. Mipira myembamba inayofanya kazi hiyo inapita jirani na bomba la moshi, kwa hiyo hukauka na kupasuka mapema. Tone likidondokea bomba la moto hugeuka mvuke hapohapo. Chini ya gari pakavu, mwenye gari anaapa halivuji. Mulika tochi kwenye vibano vya mipira hiyo utafute ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kulingana na rangi ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini), kisha unuse: kulanti ikiungua ina harufu ya utamuutamu.

Kipimo cha kwanza ni cha shinikizo, injini ikiwa baridi kabisa. Funga pampu ya kupimia mdomoni mwa tanki, jaza hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, kwa kawaida bar 1.1, usizidishe, uache dakika 20. Mshale wa pampu ukishuka na nje huoni kitu, papasa zulia miguuni pa abiria kama limelowana, kwani hapo hita ndiyo inayovuja. Halafu itenge tabo: chomoa mipira yake miwili, iunganishe kwa kipande cha bomba, upime tena bila kuwasha injini. Mshale ukitulia safari hii, anayevuja ni tabo au viungo vyake. Ganda lake likipasuka kwa ndani, maji huingia kwenye egzosi na utaona moshi mweupe mzito unaong'ang'ania hata injini ikishapata moto.

Vifuniko ni viwili, cha tanki na cha rejeta, na havifanani. Cha rejeta kina springi kali zaidi. Nimeviona vimebadilishwa nafasi na watu waliokuwa wanaosha injini tu. Kifuniko kilichochoka si jambo dogo: Iringa mjini, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwa nyuzi kama 95. Kifuniko kizima huyazuia yasichemke hadi karibu 120. Kikilegea, mlima wa Kitonga hupandi.

Gari linachemsha wapi? Likichemsha kwenye foleni na kutulia barabara kuu, angalia feni. Ukiwasha AC, feni zote mbili zinapaswa kuzunguka. Likichemsha mlimani tabo inaposukuma, shuku rejeta iliyoziba, au hapo sasa gasketi. Gasketi za injini za tabo mara nyingi huvujisha gesi kuingia kwenye maji, na si maji kutoka nje. Dalili yake: chupa ya akiba ya maji imejaa na inatoa mapovu, huku tanki la juu likiwa tupu. Dawa ya bluu ya kupimia gesi hugeuka njano, ila gari likiwa limesimama inaweza kubaki bluu. Pima mara tu baada ya kulipandisha mlima.

Dereva naye asiuamini mno mshale wa dashibodi. Maji yakiisha kabisa, kipima joto hubaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda ni amri ya kusimama. Usifungue kifuniko cha moto, wala usimwagie injini maji baridi. Hedi ya alumini ikipinda hata milimita 0.05, gasketi mpya haitakaa.

Kujaza nako kuna kanuni. Mfumo unachukua lita 7 na kidogo, nusu kulanti, nusu maji ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima cha Pwani yana chumvi, yataila alumini. Mimina polepole kupitia tanki la juu, skrubu ya hewa ya rejeta ikiwa wazi, hita ikiwa kwenye joto la mwisho. Maji yakitoka bila mapovu, funga skrubu, washa, subiri feni ziwake na kuzima mara mbili, kisha ongeza kesho yake injini ikiwa baridi. Na manjano ya jikoni, pamoja na zile dawa za kuziba rejeta inayovuja, msitie: njia za maji za tabo ni nyembamba, ndizo zitakazoanza kuziba.

Fundi injini,
Dar es Salaam